Kung'aa na Kubana ni Kazi Mbili

Hotuba kwa vijana waliomaliza uanagenzi wa ufundi magari, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za kazi. Mama zetu mliowasindikiza vijana, karibuni, na poleni kwa jua. Turubai hili ni la gereji, na matundu mnayoyaona yametokana na cheche za kuchomelea. Na nyie vijana, marahaba. Nimewasikia hata mlioamkia kimoyomoyo.

Niliombwa niseme juu ya nidhamu ya kazi. Nikaomba radhi, nikasema nitazungumzia bolti. Kijana ukimwambia nidhamu, anatikisa kichwa na kurudi alivyokuwa. Ukimwonyesha bolti iliyokatika na ukamwambia ilikatika kwenye gari gani, halali usiku huo. Tena nitazungumzia bolti za aina moja tu, hizi za stenlesi, zinazong'aa kama vijiko vya harusi.

Kabla sijaendelea, kijana wa mbele, pokea hii uipitishe. Ni bolti ya milimita 10 na nati yake, zote stenlesi, zote mpya. Leo asubuhi nimeingiza nati kwa mkono mpaka nusu, halafu nikamalizia kwa mashine ya upepo, kavukavu, bila tone la mafuta. Spana mbili za namba 17 ziko kwenye ile ndoo. Kila anayejiona ana nguvu ajaribu kuifungua. Mkimaliza mnirudishie.

Haya. Kwa nini kila mtu siku hizi anataka stenlesi? Kwa sababu sisi tunaishi na bahari. Chumvi inaingia mpaka kwenye kabati la nguo, sembuse bolti ya bampa. Halafu kuna haya magari ya Japani. Wengi wenu mmeshalala chini ya gari lililoshuka melini juzi mkakuta tumbo lake limeoza kuliko la mjomba lililokaa Pangani miaka 10. Gari hilo lilikuwa likitembea upande wa Japani wenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Limeletwa kwetu likiwa limeshaanza kuliwa.

Na kutu inatuibia sisi mafundi kuliko mwenye gari. Kazi ya saa moja inageuka ya siku mbili kwa ajili ya nati moja. Umeipaka mafuta, umeigonga, umeipasha moto kwa gesi, mwisho umeikata kwa grainda, na mwenye gari amekaa kwenye kiti cha plastiki anakutazama kama vile unamwibia. Fundi aliyepita hapo hawezi kusikia sifa za stenlesi asitamani. Mimi nilitamani, nikanunua, nikaziweka kila mahali. Ndiyo maana nimesimama hapa.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromu, angalau asilimia 10 na nusu. Mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholiwa upesi na moto wa baruti. Akapata chuma kisichoshika kutu, na walioanza kukifaidi ni watengeneza visu vya mezani. Siri yake iko kwenye ngozi. Kromu ikikutana na hewa huota utando mwembamba mno, jicho haliuoni, ukafunika chuma chote. Ukiukwaruza unajiponya wenyewe, mradi hewa ipo. Shikeni maneno hayo matatu: mradi hewa ipo.

Stenlesi zina madaraja. Zinazojaa madukani ni za daraja la A2, zenye kromu kama 18 na nikeli kama 8 katika kila 100. A4 imeongezwa molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimiliana na chumvi. Kwa upepo wetu, A2 ikikaa nje hupata madoa ya rangi ya chai ya rangi. Haijafa, imechafuka tu. Lakini mteja uliyemwambia haishiki kutu atarudi na uso mwingine. Na pale chini ya madigadi, tope la chumvi likijazana nyuma ya washa, hewa haipo. Utando hauponi. Unafungua siku moja unakuta kishimo kama jino lililotoboka, na kichwa cha bolti kwa nje bado kinametameta.

Sasa niwaulize, bolti kazi yake nini? Nani kasema kushika? Sawa, lakini inashikaje?

Wazee waliowahi kuwamba kitanda cha kamba watanisaidia. Kamba ya kitanda haimbebi mtu kwa unene wake, inambeba kwa sababu imevutwa. Ikilegea unazama katikati, na kila ukigeuka inasugua mbao mpaka inakatika. Bolti ni vivyo hivyo. Ukiikaza inarefuka kidogo sana, halafu inataka kurudi kama springi, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana vyuma viwili visicheze. Isipovuta vya kutosha, vyuma vinacheza, bolti inapigwa kwenye kila tuta, inachoka, inakatika. Watu watasema ilikuwa nyembamba. Ilikuwa imelegea.

Kwa hiyo mkiletewa bolti, kutu iwe swali la pili. La kwanza liwe: inaweza kuvuta kiasi gani kabla haijarefuka moja kwa moja? Jibu liko kichwani pake. Bolti ya kawaida ya gari imeandikwa 8.8. Namba ya kwanza izidishe kwa 100, ni megapaskali 800, kipimo cha nguvu ya kuvuta kwa unene wa bolti, hapo inakatika. Namba ya pili inasema ikifika sehemu 8 kati ya 10 za hapo, yaani 640, itarefuka na haitarudi. Ya 10.9 ni 1000 na 900. Stenlesi ya A2-70 inakatika kwenye 700, na wauzaji watakwambia haipishani sana na 8.8. Mwulize namba ya pili. Inaanza kurefuka kwenye 450. Ipo na A2-50, laini kabisa, 210 tu.

Megapaskali haziingii akilini, tuseme kwa tani. Chukua bolti ya milimita 8 yenye uzi wa kawaida, yaani ile mikato ya kuzungushia nati. Ile ya 8.8 unaweza kuivuta mpaka karibu tani 2.4 na ikarudi salama. A2-70 ni karibu tani 1.7. A2-50 haifiki hata tani moja. Ya 10.9 inapita tani 3. Zote nne zinaingia kwenye tundu lilelile, na ukizichanganya kwenye kopo ukawa unaokota kwa rangi tu, utaokota inayong'aa.

Mimi nililijua hili kwa aibu. Nilikuwa bado kijana, nina kopo la bolti za stenlesi nilizopewa na fundi wa boti. Ikaja Hiace ya abiria, bolti inayoshikilia alteneta, ile inayozungushwa na mkanda ili ichaji betri, imekatika. Nikaona leo nitafanya kazi ya kizungu. Nikaweka stenlesi, nikakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilekile cha kitabu cha gari. Spana ikawa inazunguka, inazunguka, haifiki kipimo. Nikajisemea uzi huu una mafuta, unateleza vizuri. Kumbe bolti inarefuka kama ubani wa kutafuna. Gari likaondoka jioni kwenda Muheza. Mkanda ukalegea, betri ikaisha, taa zikazima, abiria wakalala njiani na matenga yao ya machungwa. Hakuna aliyeumia. Kesho yake dereva alinirudishia bolti mkononi, hakusema neno. Ilikuwa imenyongeka katikati kama kiuno cha nyigu. Ingekuwa ya kalipa ya breki, mngekuwa mnamsikiliza mtu mwingine leo.

Naona bolti imefika safu ya tatu. Endeleeni.

Hicho kinachowatoa jasho kina maelezo. Uzi wa bolti na uzi wa nati vinasuguana, utando wa kromu unakwanguka, na kati ya nyuzi hakuna hewa ya kuuponya. Chuma uchi kinakutana na chuma uchi cha aina yake, joto linapanda, vinagandana kama vimechomelewa. Kutu hukupa miezi ya kujiandaa. Huku kugandana kunatokea katika sekunde mbili, bolti ikiwa mpya, na mashine ya upepo ndiyo mchawi wake. Dawa yake ni subira. Safisha uzi, paka grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ania, ingiza kwa mkono, malizia kwa spana polepole. Mkishapaka grisi, kipimo cha toki kishusheni, maana uzi unaoteleza unavuta zaidi kwa nguvu ileile ya mkono, na hii bolti tumeshakubaliana haina akiba ya kuvutwa.

Ikikatikia ndani ya tundu, mwite mwenzako akae karibu, maana utahitaji mtu wa kukuzuia usitukane. Kisiki cha chuma cha kawaida unakitoboa. Stenlesi ukiisugua kwa drili inayokwenda kasi inazidi kuwa ngumu palepale unapoisugua. Vijana wanaona haili, wanaongeza kasi, inazidi ugumu, ncha ya drili inageuka bluu, basi. Fanyeni kinyume: kasi ndogo, mgandamizo mkubwa, mafuta ya kutosha, drili ya kobalti yenye makali, na msiiache izunguke bila kukata hata kidogo.

Nije kwenye Land Rover, maana hapa nina deni la zamani.

Land Rover zilianza 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kina mgao, kwa hiyo bodi wakaifanya ya alumini na fremu ikabaki ya chuma. Shamba moja la mkonge lilituletea Land Rover aina ya 109, bodi nzuri kabisa, bolti zake ndizo zilizooza. Mimi na kopo langu tena. Nikazitoa zote za mabawa na milango, nikafunga stenlesi, juu ya alumini moja kwa moja, nikaipiga maji, ikang'aa. Meneja akanipa na chai. Baada ya kama miaka miwili likarudi. Kila bolti yangu ilikuwa inang'aa vilevile, na kila bolti ilikuwa imezungukwa na unga mweupe, rangi imevimba, alumini imelika mpaka tundu limekuwa pana kuliko washa. Bolti zilikuwa nzima kwenye bati lililokufa.

Nilikuwa nimetengeneza betri bila kujua. Weka madini mawili tofauti, yaguse, yaloweshe maji yenye chumvi, na moja litaliwa kumlinda mwenzake. Alumini ikikaa na stenlesi, anayeliwa ni alumini. Ukubwa nao una neno. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bati kubwa la alumini inakula taratibu, tena kuizunguka bolti tu. Geuza, ribiti ndogo ya alumini kwenye bati kubwa la stenlesi, hiyo ribiti haitakaa. Nyie mnaotengeneza bodi za mabasi mnanielewa, mmeshaokota vichwa vya ribiti chini ya gari kama mbegu.

Tangu siku ile, stenlesi yangu haikutani na alumini uso kwa uso. Inapita kwenye washa ya plastiki au ya mpira, na uzi unapakwa grisi nzito ya kufukuza maji. Hata kwenye chuma cha kawaida kilichokwanguka rangi, stenlesi inaharakisha kutu ya jirani yake. Paka rangi kwanza, iache ikauke, ndipo ufunge. Kukauka ndiko kunakotushinda wengi. Mteja anapiga honi.

Ekzosi ni ngumu zaidi, kwa hiyo sitasema mengi. Pale joto linaivuruga bolti ya kawaida vibaya, na stenlesi inavumilia, nami nimeitumia kwenye mabomba ya nyuma nikashukuru siku ya kufungua. Ila inapopata moto inarefuka zaidi. Chuma cha urefu wa sentimita 10 kikipashwa nyuzi 300 zaidi hurefuka kama theluthi ya milimita. Stenlesi ya urefu uleule hurefuka nusu milimita. Mnajua maana yake: injini ikipata moto, mbano unapungua, na gari linaanza kupuliza kwenye manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini. Basi kule kwenye manifoldi rudisheni bolti za aina ileile iliyotoka kiwandani, na nati za shaba kama zilikuwepo.

Sasa niseme ninapoziweka mimi, kila mtu abishe. Kibao cha namba. Bampa, zile bolti zisizobeba. Madigadi, taa, vioo vya pembeni, vifuniko vya plastiki, kibanio cha betri. Keria ya juu, kwa sharti kwamba bolti iwe nene kuliko ile ya mwanzo, na mwenye gari hasafirishi magunia ya mkaa. Bajaji, fremu ya kioo cha mbele na turubai. Hapo kote stenlesi ikishindwa utasikia kelele, utasimama, utatukana, utakaza. Nimefungua kibao cha namba nilichofunga zamani kwa stenlesi kikatoka kwa bisibisi kama jana. Ile raha siifichi.

Breki, hapana. Usukani, hapana. Mikono ya saspensheni, nati za tairi, mikanda ya usalama, propela shafti, flaiweli, silinda hedi, hapana, hata mteja akilia. Zipo stenlesi ngumu kuliko hizi, A4-80 inafika 600 kabla ya kurefuka, na zipo za injini za ndege ambazo zinaipita 10.9. Hazipo kwenye kopo lako. Aliyechora gari alichagua bolti kwa hesabu, na wewe chini ya gari huna ile karatasi ya hesabu.

Halafu mtazameni tena bolti ya kiwandani kwenye saspensheni. Ina rangi ya kijivu iliyofifia, mbaya ya kutazama. Ule ukijivu mara nyingi ni zinki, na zinki inakubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe. Ile bolti mnayoiona ya kimaskini ndiyo iliyopigiwa hesabu zote mbili, ya kubana na ya kutu. Ikichakaa, nunueni yenye namba ileile kichwani na ukijivu uleule. Nyingine ni za kutumika mara moja, zimeshavutwa mpaka mwisho kiwandani. Kitabu cha gari kikisema usirudie, usirudie.

Kuhusu kununua. Bolti ya pembe sita ya stenlesi, kuanzia milimita 5, inatakiwa iwe na maandishi kichwani: A2-70, A4-80, na alama ya aliyeitengeneza. Isiyo na maandishi ni pambo, ifungeni kwenye pambo. Sumaku inasaidia nusu. A2 na A4 haziivuti sana, japo iliyofinyangwa baridi huivuta kidogo, kwa hiyo msigombane na muuza duka kwa mvuto mdogo. Ikinata kofi, huenda ni chuma kilichopakwa kromu kwa nje, na hicho kikikwaruzwa kinaoza kama chuma chochote. Ila isiponata, bado haijawa A2. Zipo za bei rahisi zenye nikeli kidogo, sumaku haizishiki, na kutu inazishika upesi. Na hasara ndogo ambayo hakuna anayeitaja: stenlesi ikidondokea ndani ya injini, ile fimbo yenu ya sumaku haitaileta. Nimewahi kushusha sampu nzima, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa washa moja. Mwenye gari nilimwambia nakagua oili.

Lililobaki ni mteja. Atakuja na mfuko, akwambie, "Fundi, nimechoka na kutu, nibadilishie chini kote." Ana hela, ana haraka, na jirani yako atamkubalia. Mimi humwambia, "Bosi, hizi ni nzuri, nitakufungia bampa na madigadi mpaka ufurahi. Za chini niachie za namba yake." Wengine wanaelewa. Mmoja alikwenda kwa jirani, na sikumkimbilia.

Eh, bolti imerudi. Ngoja niivae miwani. Nati iko wapi? Kijana, umeifungua au umeikata? Semeni ukweli, mama yake yupo. Ameikata. Vizuri, kumbe mikono ipo. Na spana yangu moja imepanuka mdomo, hiyo tutaongea pembeni. Chakula kiko tayari, wali na samaki wa nazi, wazee watangulie. Wewe uliyekata baki hapa, lete hicho kisiki na drili, tuone utaanza na kasi gani.